Kadi ya Safari na Macho ya Mama

Siwaheshimu watu wanaopenda vya bure, na wa kwanza wao ni mimi. Nalisema hili mapema ili msomaji asitegemee upole.

Nafanya kazi katika maabara ya udongo hapa Morogoro. Wakulima wanatuletea udongo kwenye vifuko, tunaukausha, tunausaga, tunaupima, kisha tunawaambia shamba lao limepungukiwa na nini. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipima vitu vya watu. Ungedhani mtu wa namna hiyo akiletewa kadi ya benki atajua uzito wake.

Kadi yenyewe niliiona mara ya kwanza mezani kwa mwenzangu, mama mmoja wa ofisi ya pili ambaye kazi yake hasa ni kuhudhuria semina. Wiki hii yuko Arusha, wiki ijayo Kigali, akirudi anapumzika akisubiri nyingine. Kadi aliiweka pembeni ya kikombe cha chai, sura juu, kama mtu anayeanika kitu kisije kikaota ukungu. Ilikuwa ya kijivu na pembeni imechorwa kindege.

"Mwenzio sipandi tena ndege kwa hela yangu," aliniambia. "Nachanja kadi, pointi zinaingia, zikitimia napewa tiketi. Halafu pale uwanjani nakaa launji. Dada, launji kuna makochi, kuna supu, kuna mpaka mtu wa kukuuliza unataka nini."

Hakuwahi kupanda ndege kwa hela yake hata kabla ya hiyo kadi. Tiketi zote zililipwa na miradi: yeye alitanguliza kadi, mradi ukamrudishia, pointi zikabaki kwake. Nililijua hilo vizuri sana. Nilimdharau kuanzia kilemba mpaka viatu, nikarudi kwenye udongo wangu, na mchana mzima nikafikiria makochi.

Sasa nimseme mama yangu, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya mjinga na benki yake tu, na hizo zimejaa mjini.

Mama anaishi Uluguru, juu, mahali gari linapoishia na miguu inapoanza. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama alikuwa na jina moja la ukoo ambalo alikuwa analitunzia mjukuu wa kike, jina la mama yake mzazi. Huyo bibi alikufa kabla mimi sijazaliwa. Jina lake likakaa bila mtu miaka yote hiyo, kwa sababu mimi nilizaa wavulana watupu na mdogo wangu alichelewa kuzaa. Mwaka juzi, mwishoni, mdogo wangu huyo, ambaye ni muuguzi Mwanza, akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Jina likapata mtu. Mama, ambaye si mtu wa kuimba, alishinda jikoni akiimba.

Picha ya bibi hakuna, hata moja. Ndugu zake wamekwisha, rika lake limekwisha, na sura yake imebaki kichwani mwa mama peke yake. Kwa hiyo mama alikuwa na neno moja tu: apelekwe akamwone mtoto, ajue kama bibi amerudi na sura yake au amerudi jina tupu. Tulimwonyesha mtoto kwenye simu, akaisukuma.

"Hiki kioo kinameta, mimi naona taa tu," alisema. "Na huyu bado ana uso, hajapata sura. Sura inakuja mtoto akishaanza kucheka. Tena haikai kwenye picha. Inapita pale mtu anapogeuka. Nipelekeni nimwone akigeuka."

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, nikamshusha mama kumleta hospitali, kwa sababu alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Daktari akasema ni presha ya macho, imemla siku nyingi, na kilichokwenda hakirudi. Matone ya dawa yatachelewesha tu. Jicho moja lilikuwa limeshakwisha kabisa na hakumwambia mtu. La pili mama mwenyewe alilieleza vizuri kuliko daktari: alisema anaona kama anayechungulia kwenye mwanzi, na mwanzi unazidi kuwa mwembamba. Nilimvuta daktari pembeni nikamuuliza ni muda gani umebaki. Akasema hawezi kusema, lakini kama kuna jambo mama anataka kuliona, tusilicheleweshe.

Mtoto hakuweza kuletwa. Mapafu yake yalizaliwa machanga, na mwaka ule wote alikuwa wa kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa. Mama naye hakuweza safari ya basi. Kiuno chake, kushuka tu kutoka mlimani mpaka mjini kinamlaza siku mbili, sembuse kuondoka stendi ya Msamvu alfajiri na kukaa kitini mpaka Mwanza. Ilibaki ndege kutoka Dar es Salaam. Na hela ya ndege nilikuwa nayo. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tumevunja kikoba na kugawana akiba, na fungu langu lilitosha tiketi mbili, yangu na ya mama, kwenda na kurudi, na chenji ya zawadi ya mtoto. Sentensi hiyo huwa nairudia nikiwa peke yangu: hela nilikuwa nayo.

Kijana wa benki alikuja ofisini mwezi wa pili. Mwenzangu wa semina ndiye aliyemwelekeza kwangu. Shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Akatoa shikamoo ndefu, ile wanayofundishwa kwenye mafunzo ya mauzo, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Mama, wewe ni msafiri?"

"Huwa nakwenda Dumila kununua vitunguu."

"Basi tayari wewe ni msafiri," akasema, na wala hakutania.

Akanitandazia karatasi. Kadi ya mkopo: unanunua, benki inatanguliza, wewe unairudishia kila mwezi kwa tarehe yake. Pointi kwa kila manunuzi. Pointi nyingine nyingi za kukaribishwa, ukifikisha kiwango fulani cha matumizi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Launji. Bima ya mzigo ukipotea. Na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, ada ya mwaka: shilingi laki mbili na nusu.

"Na hii?"

"Hiyo mama wala isikutishe. Inajilipa yenyewe."

Tangu nizaliwe sijaona kitu kinachojilipa chenyewe. Shamba halijilipi, ng'ombe hajilipi, hata kuku anayetaga anakula pumba za mtu. Nilipaswa kumfungulia mlango atoke. Badala yake nikamwambia aniachie karatasi, na alipoondoka nikachukua kikokotoo.

Niliipima ada ile jioni mbili nzima, nyuma ya fomu ya sampuli za udongo. Upande mmoja niliweka laki mbili na nusu. Upande wa pili nikaweka pointi za kukaribishwa, ambazo kwa hesabu ya kijana zilikaribia tiketi ya Mwanza. Nikaweka launji mara nne kwa mwaka, mimi ambaye ndege nilikuwa nimepanda mara mbili maishani. Nikaweka bima ya mzigo, na mzigo wangu ni kikapu. Kisha nikachukua matumizi yangu yote ya mwezi nikayageuza pointi: mchele, mkaa, vitunguu, nauli, mchicha. Mzani ukalalia upande wa kadi. Ungelalia wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeukanyaga? Mkulima akiniletea udongo aliouchanganya na samadi ili upimwe vizuri huwa namrudisha na kifuko chake, na maneno makali namwongezea. Mimi nilijichanganyia samadi mwenyewe, nikasaini.

Jumamosi nikapanda mlimani kumwambia mama asubiri kidogo. Nilimweleza kwamba kuna kadi, na kwamba nikiitumia miezi michache tutakwenda Mwanza bure, na hela ya kikoba itabaki tumwezekee paa jipya. Nilijiona mtoto mwenye akili.

Mama alikuwa anachambua maharage. Alikuwa anayachambua kwa vidole, macho yako kwingine.

"Hela ya ndege unayo?" aliuliza.

"Ninayo mama, ila tukisubiri..."

"Na hiyo kadi unailipia?"

"Mara moja tu kwa mwaka."

"Kwa hiyo unalipa ili usilipe." Akatupa punje moja mbovu uani. "Haya mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Niliteremka nimekasirika. Njia nzima nilijiambia kwamba wazee wa mlimani hawaelewi mambo ya siku hizi, na kwamba siku atakapokaa dirishani juu ya mawingu atanishukuru.

Kadi ilipokuja, ada ilikatwa siku hiyo hiyo, kabla sijanunua hata kiberiti. Kisha nikagundua kwamba maisha yangu hayana mashine ya kadi. Pale soko la Mawenzi muuza mchicha aliigeuza mara mbili akaniuliza kama ni ya bima ya afya. Wa vitunguu wa Dumila wanapokea taslimu au hela ya simu. Wa mkaa alicheka. Palibaki duka kubwa moja, ambako nyanya zinauzwa zimefunikwa kama wagonjwa, na vituo vya mafuta. Gari sina. Nikaanza kuwaomba wenye magari ofisini niwajazie mafuta kwa kadi, wao wanipe taslimu. Mtu mzima, mama wa wavulana watatu, nimesimama juani kituoni nasubiri gari la mtu lije linywe ili nipate pointi. Wengine walikuwa wakiniona wanazunguka njia ya nyuma. Ningekuwa mimi ningezunguka pia.

Mwezi wa tatu wa kadi, kiwango cha kukaribishwa kikiwa bado mbali kabisa, mwenzangu wa semina akatangaza harusi ya mwanawe. Kamati ikaundwa. Nikachaguliwa mweka hazina, kwa hoja kwamba mtu anayepima udongo hawezi kuiba.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi katika nchi hii anajua mambo yanavyokwenda. Watu wanaandika ahadi, tena ahadi nono, kwa sababu daftari linapita mikononi mwa watu na kila mmoja anasoma aliyemtangulia ameandika nini. Kulipa ni habari nyingine. Analipa mtu wiki ya harusi, au baada ya harusi, au mkikutana msibani anakuambia hajasahau. Wenye ukumbi lakini wanataka hela mapema, ndiyo maana kila mweka hazina ninayemfahamu amekonda. Mimi nikasimama kikaoni nikasema: "Msihangaike. Ukumbi, chakula na vinywaji nitalipa mimi kwa kadi. Ninyi leteni michango yenu taratibu, mtakuwa mnanirudishia." Hoteli ile ilikuwa na mashine. Walinipigia makofi. Mwenyekiti, mzee wa watu, alisema Mungu aniongezee, nikaitikia amina na huku moyoni nahesabu pointi.

Kosa hilo mgeni asingelifanya. Mgeni angeuliza kwanza ahadi ya harusi ni kitu gani. Mimi nimekulia ndani yake. Nimeahidi nisilipe, nimeahidiwa nisilipwe, nimekaa vikao vya kuvunja kamati ambavyo hata mwenye harusi hakuja. Na bado nikazichukua ahadi za watu sitini nikazisimamisha mbele ya tarehe ya benki. Sisi husema ahadi ni deni, tunasema tu. Benki ndiyo inayoamini.

Harusi ilipendeza, sikatai. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Wiki mbili baadaye tarehe ya benki ikafika na daftari langu lilikuwa na robo tu ya michango. Nikaanza kupiga simu. Mmoja alisema mtoto anaumwa. Mwingine alisema mshahara umechelewa, na tunalipwa na mwajiri mmoja siku moja. Watatu waliacha kupokea. Riba ikaanza, na juu ya riba faini ya kuchelewa, na kila mwezi nikawa nalipa kidogo na kinabaki kilekile. Mwishowe nikamfuata mwenye harusi mwenyewe, maana ahadi yake kubwa kuliko zote alikuwa bado hajaigusa. Alikuwa mezani kwake, kadi pembeni ya kikombe.

"Jamani dada," alisema, "si umepata pointi? Sisi wenzio tumekuchangia pointi."

Alicheka, akanipa andazi. Nililichukua. Mpaka leo najiuliza kwa nini nililichukua.

Mwezi wa nane nikatoa hela ya kikoba, yote, nikaipeleka benki. Tiketi mbili, paa, zawadi ya mtoto, vyote nikavisukuma kwenye tundu la dirisha, na dada wa dirishani akaniuliza kama nimewahi kuwa na uzoefu mzuri wa huduma zao. Pointi nilizipata, sitasema uongo. Zilitosha tiketi moja, ya mtu mmoja, ya kwenda tu, siku za katikati ya wiki, na kodi za uwanja nijilipie. Ya pili na za kurudi nilizidunduliza kutoka kwenye mshahara, mwezi hadi mwezi. Miezi hiyo nilikuwa napanda mlimani kila nilipoweza. Mwezi wa kumi mama aliniuliza ni nani anayepiga hodi, na nilikuwa nimesimama mbele yake mchana kweupe. Mwezi wa kumi na mbili aliacha kuchambua maharage, alisema vidole vimechoka. Kuhusu Mwanza hakuniuliza tena. Angenitukana ningepumua.

Tulisafiri mwezi wa pili mwaka huu. Treni ya umeme mpaka Dar es Salaam mama aliipenda, alisema haimtikisi. Uwanjani nilimkalisha kwenye kiti cha chuma, nikaenda kuuliza habari za launji, kwa sababu laki mbili na nusu yangu ilikuwa humo ndani na nilitaka mama akalie walau kochi. Dada wa mlangoni aliitazama kadi, akaniambia inaruhusu mtu mmoja, wa pili analipiwa kwa dola. Nikageuka nikamwangalia mama. Alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili na uso ameuelekeza kule sauti za watu zinakotoka. Nikarudi kukaa naye. Tulikula ndizi alizochemsha jirani yake, na mama akaniuliza kama supu ya humo ndani inanukia, mimi nikasema hainukii.

Ndani ya ndege nilikuwa nimemwombea kiti cha dirishani. Nilikiomba miezi mingi kabla, na sikukumbuka kukibadilisha. Alikaa pale, paji la uso kwenye kioo.

"Kuna nini huko?"

"Mawingu, mama."

"Meupe?"

"Meupe."

"Haya," akasema.

Mtoto tulimkuta anatembea. Mapafu yamekomaa, mashavu yamejaa, anacheka na kila mtu. Mdogo wangu akamweka mapajani mwa mama, na mama akaanza kumpitishia vidole: utosi, masikio, kidevu. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka kwa sauti. Mama akatulia kusikiliza kicheko mpaka kikaisha.

"Nyusi zimekutana?" aliuliza.

"Karibu zikutane," nikasema.

"Karibu ipi?"

Nikasema ukucha mmoja. Mdogo wangu akasema hapana, zaidi ya ukucha.

"Akicheka, mdomo unaanza kupanda upande gani?"

Mimi nilisema kushoto, mdogo wangu akasema pote. Tukabishana, watu wazima wawili wenye macho manne. Mama alitusubiri.

"Acheni. Subirini ageuke," alisema. "Akigeuka ndipo utamwona."

Simu yangu ikalia mkobani. Mtoto akasikia mlio akageuka, na mimi nikainama kuitoa. Ujumbe ulikuwa wa benki: Ndugu mteja, ada ya mwaka ya kadi yako ya safari imekatwa. Nikausoma mpaka mwisho.

"Amegeuka, nimesikia," mama alisema haraka, mkono wake umenishika goti. "Umemwona? Sema. Ni yeye?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameshageukia kwingine, anavuta kamba ya kikapu.

"Ni yeye, mama," nikasema. "Anafanana naye kabisa."

Mama aliliachia goti langu. Akarudisha mkono kichwani kwa mtoto, akamlaza nywele taratibu.

"Wewe umemjulia wapi?" akauliza.